Zabibu nyekundu za Dodoma na mvinyo mwekundu wa mapovu: tunashindwa shambani au kiwandani?

ShambaHombolo
Wakuu habari zenu. Nina heka mbili za zabibu huku Hombolo, nyingi ni aina ya Makutupora nyekundu, Chenin Blanc zile nyeupe zipo mistari michache tu. Kila msimu wimbo ni uleule, mnunuzi anakuja na bei ya kutupa, ukikataa zinaozea kwenye mti, kwa hiyo wengi tunakamua tunauza mchuzi, yaani yale maji ya zabibu. Sasa ndugu yangu katoka Italia na chupa ya Lambrusco, mvinyo mwekundu kabisa ila una gesi, ukiumimina povu la pinki linapanda mpaka juu ya glasi halafu linazama, na unanyweka wa baridi kama bia. Tumeushushia na mbuzi choma, nyama haijaiva vizuri chupa imeshaisha. Ninachouliza, ukitaja mvinyo wa mapovu kila mtu anawaza mweupe, na sisi tuliojaza nyekundu mashamba mazima wa kwetu wa mapovu mwekundu siuoni dukani. Tatizo ni zabibu zenyewe, ni mtaji, au hakuna aliyejaribu?

Mzee wa Kona
Chupa imeisha kabla nyama haijaiva? Hapo mkuu mlikuwa na kiu, msisingizie mapovu.

Kijana wa Reggio
Umenigusa mkuu, mimi naishi Reggio Emilia, hukohuko Italia kwenye Lambrusco, kila mwezi wa tisa naingia kwenye kuvuna na baadaye ndani ya kiwanda. Cha kwanza ujue Lambrusco sio zabibu moja, ni ukoo mzima. Kuna Sorbara, hiyo inatoa rangi nyepesi karibu na pinki na asidi kali ya kukukunja uso, kuna Salamino ambayo kichala chake ni kirefu kimebanana kama soseji, kuna Grasparossa ya kule vilimani Castelvetro, hiyo nyeusi ti na ina ukakasi kuliko wenzake. Zipo na nyingine, Maestri, Marani. Sorbara ina vituko vyake, maua yake hayawezi kujichavusha yenyewe vizuri, kwa hiyo wakulima wanapanda mistari ya Salamino katikati ili ichavushwe, na bado kichala kinatoka na mapengo. Usione vile ukadhani mti unaumwa.

Kiwandani sasa. Maganda hayakai na mchuzi muda mrefu, siku moja mbili au tatu hivi wanatenganisha, wanapata rangi bila kubeba ukakasi wote. Halafu mchuzi unachachushwa mara ya pili ndani ya tanki la chuma lililofungwa linalohimili presha, gesi haina pa kutokea inabaki ndani ya mvinyo. Njia hii aliianzisha Muitaliano Federico Martinotti mwaka 1895, halafu Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha akaisajili mwaka 1907, ndio maana wengi wanaijua kwa jina la Mfaransa. Waitaliano hilo mpaka leo linawauma.

Mkemia wa Moro
Kijana wa Reggio kaeleza vizuri, naongeza upande wa maabara. Sababu kubwa ya dunia kukimbilia mweupe ni tanini, ule ukakasi wa maganda na mbegu unaokausha ulimi. Gesi ya kaboni ikiyeyuka inaleta uchachu na kuchoma kidogo, ukiichanganya na tanini uchungu unaonekana maradufu. Mvinyo uleule mwekundu ambao bila gesi ulikuwa laini, utie gesi uone, unageuka kama chai iliyochemkia jikoni tangu asubuhi. Sasa kuna njia mbili tu, upunguze tanini au uache sukari ya kuifunika. Ndio maana wekundu wengi wa mapovu wana utamu.

Hesabu ya gesi ni rahisi. Gramu 4 za sukari kwa lita zikichachuka ndani ya chombo kilichofungwa zinatoa karibu presha moja ya hewa, yaani ba moja. Ukitaka ba 6 kama za shampeni unaweka kama gramu 24. Na hizo gramu 24 zinapandisha kilevi kwa karibu asilimia 1.4, kwa hiyo mvinyo wa kuanzia usizidi asilimia 11 hivi, la sivyo hamira inachoka kabla haijamaliza kazi.

Mdau Melbourne
@Mkemia wa Moro nakukatalia kwa heshima. Huku Australia wana mvinyo wa mapovu wa zabibu nyekundu za Shiraz, nyeusi kama wino, tanini ipo ya kutosha na watu wanaigombania Krismasi, wanainywa na bata mzinga na paja la nguruwe. Na sio mambo ya juzi, walianza kwenye miaka ya 1880 na 1890, pale Auldana karibu na Adelaide alikuwepo Mfaransa Edmund Mazure, na Great Western kule Victoria mapango ya kulazia chupa yalichimbwa na wachimba dhahabu waliokosa kazi. Zamani waliuita Sparkling Burgundy mpaka miaka ya 1990 walipokubaliana na Ulaya kuacha kutumia majina ya maeneo ya kwao. Na hawa wengi hawatumii tanki, wanachachusha ndani ya chupa ileile kama shampeni, tena mvinyo wenyewe unakuwa umekaa kwanza kwenye mapipa makubwa ya zamani. Kwa hiyo hoja kwamba nyekundu yenye tanini haikubali gesi haisimami.

Mkemia wa Moro
Mdau soma tena nilichoandika, nimesema unapunguza tanini AU unaacha sukari. Hiyo Shiraz ya kwenu mwishoni kabla ya kizibo wanaongeza kidogo mvinyo mtamu, nyingi zina gramu 20 na kitu za sukari kwa lita. Na hayo mapipa wanayoyatumia kwanza kazi yake ni ileile, muda unalainisha tanini. Umenisaidia kuthibitisha.

Mdau Melbourne
Nyingi, sio zote. Zipo kavu kabisa. Ila sawa tuendelee.

Mama Mizabibu
Habari wanangu. Nalima zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, naona mnazungumza matanki na mapipa kabla hamjafika shambani. Mvinyo wa mapovu unaanzia kwenye siku ya kuvuna. Huko kwao Ulaya mti unalala wakati wa baridi, unavuna mara moja. Sisi mti haulali, wewe ndiye unaupa ratiba kwa mkasi. Ukipogoa mwezi wa kumi au wa kumi na moja unavuna kwenye wa pili wa tatu, ukipogoa wa nne au wa tano unavuna wa nane wa tisa. Mavuno ya masika yana kazi, mvua inaleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, unapiga dawa mpaka mgongo unauma, na punje zinajaa maji. Mavuno ya kiangazi ndio yenye sukari, hewa kavu, usiku wa mwezi wa sita na wa saba kuna kibaridi cha kujifunika.

Sasa tatizo la kwetu ni joto la mchana, asidi inashuka haraka sukari ikiwa bado inapanda. Ukingoja mpaka zabibu iwe tamu kama mnunuzi anavyotaka, ule uchachu wa kuubeba mvinyo wa mapovu umeshaondoka. Na ukivuna mapema unapoteza kilo, na sisi tunalipwa kwa kilo. Nani atavuna mapema ale hasara kwa ajili ya mapovu ya mtu mwingine?

ShambaHombolo
Mama shikamoo. Hapo kwenye kilo umegonga penyewe. Kuna mnunuzi mmoja msimu uliopita alikuja na kipima sukari, akaangalia tone moja la zabibu moja ya mtu mmoja, akakataa mzigo wa kijiji. Sasa huyo ukimwambia nimevuna kabla ya sukari kupanda si atakufukuza.

Mama Mizabibu
Marahaba mwanangu. Huyo alipaswa kuchuma punje kutoka vichala vingi, vya juu, vya chini, vya upande wa jua na vya kivulini, akaminya pamoja ndio akapima. Punje moja inadanganya.

Kijana wa Reggio
Mama Mizabibu shikamoo, uko sahihi kabisa. Kwa mvinyo wa mapovu wanavuna sukari ikiwa Brix (kipimo cha sukari ya zabibu) 17 mpaka 19 hivi, wakati mwekundu wa kawaida wanangoja 22, 23, hata 24. Ila huku asidi sio shida kwa Sorbara, ile inazaliwa nayo. Ndio maana nasema labda swali ni la aina ya zabibu, Makutupora nyekundu inabaki na asidi kiasi gani ikifika Brix 18? Mwenye vipimo aviweke hapa maana huu mjadala wote unaning'inia hapo.

Chalii wa Nakuru
Wasee mnajisumbua, si mchukue tu wine nyekundu ya kawaida mpulize gesi ndani kama soda? Mitungi ya CO2 iko kila town, soda inatengenezwa hivyo na hakuna mtu analalamika.

Mkemia wa Moro
Inawezekana na ni halali kuuza ukiandika kwenye lebo kwamba gesi imeongezwa. Ila mapovu yake huwa makubwa yanatoka kwa fujo halafu dakika chache kimya. Gesi iliyozaliwa polepole na hamira kwenye baridi inakaa vizuri zaidi, na yale machicha ya hamira yanaongeza ladha, kale kaharufu ka mkate.

Mdau Melbourne
Kwenye ukubwa wa mapovu hapo kuna ubishi. Wapo wanaosema ukipuliza gesi mvinyo ukiwa wa baridi sana na ukauacha utulie, mnywaji wa kawaida hatofautishi. Mapovu mengi yanaanzia kwenye glasi yenyewe, kwenye vumbi na nyuzi za kitambaa ulichofutia. Glasi ikiwa safi kupita kiasi hata shampeni ya bei mbaya inaonekana imelala.

Mangi Mtoro
Sisi mbege inachemka yenyewe kwenye pipa haina Martinotti wala Charmat, na povu linamwagika mpaka chini. Mnatafuta mbali.

Mhaya Asilia
Na rubisi je? Ikiwa changa inakuuma puani. Mangi kaa kwa kutulia.

Mzee wa Kona
Nilijua tu lazima mfike kwenye ndizi.

Kijana wa Reggio
Msicheke, Mangi kasema jambo. Lambrusco ya wazee wa huku ilikuwa hivyohivyo. Mvinyo unachachuka vuli, baridi kali inaingia hamira inalala sukari haijaisha, wanautia kwenye chupa, mwezi wa tatu wa nne joto linarudi hamira inaamka ndani ya chupa na gesi inajifunga humo. Hakuna aliyepanga. Siku hizi wazalishaji wadogo wameirudia njia hiyo, chupa ina ukungu ukungu chini maana machicha hayatolewi, kizibo ni cha bati kama cha soda. Mtaji mdogo kuliko wa tanki.

ShambaHombolo
Hiyo sasa ndio saizi yetu! Kumbe naweza kuanza na ndoo na chupa za kuokota?

Mkemia wa Moro
HAPANA mkuu, chupa za kuokota hapana. Chupa ya mvinyo wa kawaida haijatengenezwa kubeba presha, inapasuka na vioo vinaruka, watu wamepoteza macho. Chupa ya mapovu ni nzito na kitako chake kimebonyea ndani kwa makusudi. Halafu zingatia na joto, presha tunayoitaja ya ba 6 ni kwenye ubaridi wa nyuzi 10, chupa ileile ukiiweka stoo ya bati Dodoma saa nane mchana presha inapanda sana. Na njia hii ya kufunga chupa sukari ikiwa haijaisha ni ya kubahatisha usipopima, ukikosea gramu 10 tu umejiongezea ba mbili na nusu. Afadhali uache mvinyo uchachuke mpaka uishe kabisa, upime sukari uhakikishe, ndio uongeze sukari ya kujua. Gramu 8 kwa lita zinakupa ba 2, hiyo ni sawa na ile ya daraja la chini la Waitaliano inayoishia ba 2.5, nyingi za Lambrusco ziko humo. Ili kuitwa ya mapovu kamili kule inatakiwa ianzie ba 3.

Chalii wa Nakuru
Ba mbili ni kama presha ya tairi la Vitz.

Mkemia wa Moro
Karibu sawa. Na shampeni ni zaidi ya mara mbili ya hapo, ndani ya kioo. Ndio maana kizibo kinafungwa na waya.

Ukhty Zanzibar
Assalaam aleykum. Mimi sinywi pombe ila nimesoma uzi wote nimeupenda. Naomba kuuliza, hizo zabibu nyekundu haziwezi kuwa juisi yenye gesi tu, isiyo na kilevi? Huku kwetu Ramadhani na harusini watu wananunua zile juisi za zabibu za chupa za shampeni kutoka nje kwa bei kubwa, na zabibu za Dodoma zinaozea shambani.

Mkemia wa Moro
Waaleykum salaam dada. Inawezekana na kwa upande mmoja ni rahisi zaidi, unakamua, unachuja, unapulizia gesi, ila lazima uipashe joto kuua hamira yote maana ikibaki hata kidogo itaanza kuchachua ndani ya chupa, hapo umepata kilevi usichokitaka pamoja na bomu. Hapo kupuliza gesi kwa Chalii wa Nakuru ndio mahala pake.

Chalii wa Nakuru
Asante. Nilijua nitaheshimiwa tu.

Mama Mizabibu
Huyu binti kasema jambo la maana kuliko wote. Soko la harusi na Idi halijali kama ni Lambrusco. Na kwa juisi sihitaji kuvuna mapema, sukari ikipanda ndio nzuri.

Mwana Ushirika
Nimefuatilia. Mnaacha kitu kimoja, hakuna mkulima wa heka mbili huko Italia mwenye tanki lake la presha. Riunite ya Reggio Emilia ni ushirika, ilianza mwaka 1950 kwa vyama kadhaa kuungana, na ndio hao waliouza Lambrusco Marekani miaka ya 1970 na 1980 mpaka ikawa mvinyo wa nje unaoongoza kule. Zabibu zilikuwa zilezile, walichobadilisha ni kuungana. Sisi AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, zinaishia kupima mzigo na kusubiri lori. Zabibu ziko Dodoma tangu zamani wamisionari wa Kiitaliano walipopanda Bihawana, kituo cha utafiti tunacho Makutupora, umri huo ni wa kutosha.

Kijana wa Reggio
Ni kweli, ila usisahau upande wa pili mkuu. Hiyo Lambrusco ya Marekani ilikuwa tamu kama soda, iliuza sana na ikaliharibu jina, mpaka leo wakulima wazuri wa Sorbara wanahangaika kueleza kwamba ya kwao ni kavu na ina asidi. Ukianza na tamu ya bei rahisi kurudi nyuma ni kazi.

Mwana Ushirika
Kaka, mtu anayeozewa na zabibu shambani anataka kuuza kwanza, jina litafuata.

Mdau Melbourne
Hapo sikubaliani. Jina ukishalichafua mnunuzi anakupangia bei milele.

Mzee wa Kona
Mimi nauliza inaliwa na nini huko Italia, naona mnapita tu hapo.

Kijana wa Reggio
Nguruwe mzee. Mortadella, soseji za mguu wa nguruwe wanaita zampone, vimaandazi vya kukaanga kwenye mafuta ya nguruwe vinaitwa gnocco fritto, na jibini ya Parmigiano. Chakula chote ni mafuta, ndio maana mvinyo wao una gesi na asidi, unakata mafuta mdomoni. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu halisi ya wekundu wa mapovu kubaki pale Emilia, ni jiko lao lililoulazimisha, mambo ya zabibu yakaja baadaye.

Mzee wa Kona
Kwa hiyo ni mvinyo wa kitimoto! Dodoma tuko tayari hata leo.

Mangi Mtoro
Uzi ungeanza na hii taarifa tungeshamaliza.

Mkemia wa Moro
Nadharia ya chakula ni nzuri ila haielezi Australia, kule hakukuwa na mortadella. Mimi naona ni teknolojia pia, mvinyo mwekundu unaochachushwa ndani ya chupa unasumbua kusafisha, rangi na tanini zinashika machicha yanaganda pembeni ya chupa hayashuki shingoni vizuri ili yatolewe, na chupa ni nyeusi huoni ndani kama imesafika. Viwanda vingi vikaona ya nini, bora mweupe.

Mdau Melbourne
Hilo la machicha nakubali, niliwahi kuonyeshwa, mtu anainua chupa anaielekeza kwenye taa kali na bado haoni kitu. Ila usisahau na mitindo, wakubwa wa Ulaya walichagua mweupe kwa sherehe, wengine wakaiga.

ShambaHombolo
Asanteni wakuu. Nimebeba mawili, ba 2 zinatosha na chupa ziwe zenyewe. Sasa Mama Mizabibu, tukitenga mistari michache mavuno ya kiangazi tukavuna Brix 18, wewe huko Mpunguzi mimi huku Hombolo, tukapima na asidi, si tutapata jibu la Kijana wa Reggio? Anayeweza kutupimia asidi ni nani?

Mama Mizabibu
Mimi niko tayari. Nitapogoa mwezi wa nne mwishoni, na nitaacha majani kidogo upande wa magharibi yazuie jua la mchana lisiunguze vichala. Nitapunguza pia maji wiki za mwisho. Mistari minne inatosha, zaidi ya hapo mzee wangu atauliza kilo zimeenda wapi.

Mkemia wa Moro
Asidi nitapima mimi, leteni mchuzi mbichi umegandishwa, kila shamba na chupa yake, mkiandika tarehe ya kuvuna. Pimeni Brix siku hiyohiyo msingoje.

Mdau Melbourne
Kwenye kupunguza maji angalieni, mti ukiteseka kwa kiu kwenye joto hilo punje zinanywea, sukari inapanda ghafla na hiyo Brix 18 mtaipita bila kuiona. Na nyekundu ikivunwa mbichi ina ladha ya majani na mbegu zake bado za kijani, zina ukakasi mbaya. Mimi ningevuna mara mbili kwenye mstari uleule, nusu kwenye 18 nusu kwenye 20.

Mama Mizabibu
Mbegu za kijani hazisumbui maganda yakikaa siku moja tu na usipozisaga. Ila kuvuna mara mbili ni wazo zuri, nitafanya hivyo. Maji nitaamua mwenyewe, udongo wa kwangu ni kichanga ukikosea siku tatu majani yanajikunja.

Ukhty Zanzibar
Na ile nusu ya 20 itakayobaki mnaweza kunijaribishia juisi? Nitalipia usafiri mpaka Dar.

Mama Mizabibu
Utapata mwanangu, nitumie ujumbe pembeni.